Kitufe Kipi kwa Barabara Ipi

Kila mwaka, Desemba ikishafika katikati, barabara ya Chalinze, Segera, Korogwe na Same hujaa magari makubwa ya familia yakielekea Kilimanjaro kwa sikukuu. Prado, Pajero, Vanguard, X-Trail, Discovery. Watu sita au saba ndani, mizigo imefungwa juu ya paa. Zaidi ya kilomita 500 za safari hiyo ni lami tupu. Kilomita chache za mwisho, kutoka barabara kuu hadi nyumbani kwa bibi migombani, ni udongo wa mlimani, na kama mvua za vuli zimenyesha usiku, hata mtu anayetembea kwa miguu huupanda kwa kushikilia majani ya pembeni. Gari lile lile, siku ile ile, linatakiwa kulipita lori la saruji kwenye barabara ya njia mbili, kupita vijijini kwa spidi 50, kisha jioni kupanda kilima cha mfinyanzi chenye mtaro upande wa kushoto.

Kwenye dashibodi kuna vitufe vya kazi zote hizo. Wenye magari wengi hawajawahi kuvigusa, na wanaovigusa hukumbuka kufanya hivyo wakiwa wameshakwama, tairi zinazunguka na tope linaruka hadi kwenye vioo. Mimi naamini modi sahihi huchaguliwa kabla ya kufika mahali pabaya, na huchaguliwa vizuri na mtu anayejua kitufe kinagusa kitu gani chini ya gari. Asiyejua hilo atabonyeza kitufe cha injini akitegemea kimsaidie kwenye matairi, na atashangaa kwa nini gari la milioni nyingi limeshindwa mahali ambapo pikapu kuukuu ya shamba imepita.

Ukiacha majina, vitufe hivyo vina kazi tatu tu. Vingine huamua nguvu ya injini igawanywe vipi kati ya matairi: hapo ndipo zilipo H2 (matairi mawili), H4 (matairi manne), L4 (manne kwa mwendo mdogo) na kufuli za difu. Vingine hubadilisha jinsi injini na giaboksi zinavyouitikia mguu wako: ECO, PWR, SPORT, SNOW, 2nd STRT, O/D. Na vingine huziambia breki na kompyuta ziingilie kati kwa ukali gani tairi linapoanza kuteleza. Zile modi mpya zenye picha za mchanga, tope na mawe huzibeba kazi zote tatu kwa pamoja.

Nianze na vitufe vya mguu, kwa sababu ndivyo vinavyotumika siku nyingi na ndivyo vyenye imani nyingi zisizo sahihi.

Taa ya O/D OFF ni mfano mzuri. Kwenye magari mengi ya otomatiki ya miaka ya 1990 na 2000 kuna kitufe kidogo ubavuni mwa gia, na ukikibonyeza taa hiyo ya njano huwaka. Wapo madereva wanaoamini kwamba taa ikiwaka gari linabana mafuta. Ukweli ni kinyume chake. Overdrive ni gia ya juu kabisa, ile inayoiruhusu injini izunguke polepole wakati gari liko kwenye mwendo. Taa inapowaka maana yake gia hiyo imezuiwa. Ukienda spidi 80 kutoka Mombo hadi Same taa ikiwa inawaka, injini inapiga kelele njia nzima na mafuta yanaisha bure. Kitufe hicho kina kazi yake: kwenye mlima mrefu ambapo giaboksi inahangaika kupanda na kushuka gia, ukivuta tela, au ukishuka mteremko na unataka injini ilizuie gari. Mlima ukiisha, taa izimwe.

ECO nayo haiongezi wala haipunguzi nguvu ambazo injini inazo. Inaufanya mguu uwe mzito: ukikanyaga nusu, injini inapewa mafuta kama umekanyaga kidogo zaidi ya robo, gia zinapanda mapema, na kwenye magari mengi kiyoyozi nacho kinapunguziwa ukali. Kwa foleni ya Mbezi au ya Thika Road hiyo ni modi nzuri, kwa sababu inamzuia dereva mwenye haraka asichome mafuta kwa kuruka mita 10 na kufunga breki. Mahali pasipoifaa ni kule kwenye njia mbili, nyuma ya lori. Kulipita lori refu kunahitaji gari liitike papo hapo, na kila sekunde unayokaa upande usio wako ni sekunde ya hatari kwa watoto walioko nyuma. Kama gari lako lina PWR au SPORT, iwashe kabla hujachomoza, ukiwa bado nyuma ya lori na barabara umeiona vizuri. Giaboksi itashika gia nzito na injini itakuwa tayari imeamka. Ukisharudi upande wako, izime. Mguu ukikanyagwa hadi chini, magari mengi hutoa nguvu zote hata yakiwa kwenye ECO, lakini tofauti iko kwenye ule muda wa kusubiri, na muda ndio unaohitajika pale.

Kisha kuna kitufe kinachoonewa kuliko vyote, SNOW. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na huko theluji ni jambo la kila majira ya baridi. Kluger na Harrier za zamani zina kitufe hicho. Prado 120 na 150 zina ndugu yake, 2nd STRT. Watu wa Dar es Salaam na Mombasa hukiangalia, wakasema huku hakuna theluji, wakakisahau. Lakini kitufe hakijui theluji. Kinachofanya ni kuliondoa gari kwa gia ya pili badala ya ya kwanza, au kuulainisha mguu, ili nguvu isilifikie tairi kwa kishindo. Mfinyanzi uliolowa unataka hicho hicho. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili au manne, likiwa limesimama kwenye udongo wenye utelezi mwembamba juu na ardhi ngumu chini, litaondoka vizuri zaidi kwa 2nd STRT kuliko kwa gia ya kwanza yenye nguvu nyingi kuliko tairi linavyoweza kuzipokea. Mtu anayepanda kwenda Machame au Lushoto ndani wakati wa mvua ana sababu ya kukijua kitufe hicho kuliko mtu wa Sapporo mwenye matairi maalumu ya baridi.

Sasa tushuke chini ya gari.

Gari linapokata kona, kila tairi linapita njia yake. La nje huzunguka zaidi kuliko la ndani, na ya mbele hupita duara kubwa kuliko ya nyuma. Difu ndiyo inayoruhusu tofauti hiyo. Bila difu, kona moja ya lami ingeyaburuza matairi. Tatizo la difu ya kawaida ni kwamba nguvu inayopelekwa upande mmoja haiwezi kuzidi sana ile ambayo upande mwenzake unaweza kuibeba. Tairi moja likining'inia hewani au likikaa kwenye tope laini, halibebi kitu, kwa hiyo hata lile lililosimama kwenye ardhi ngumu halipati kitu. Linabaki limetulia, mwenzake anazunguka kama feni. Ndiyo maana gari lenye "four" linaweza kukwama likiwa na matairi mawili tu yanayozunguka, moja mbele na moja nyuma, kila moja upande wenye utelezi.

Hapo swali ninaloulizwa mara kwa mara, "four niweke lini?", linapata majibu tofauti kwa magari tofauti.

Land Cruiser ya familia ya 70, ambayo huku tunaiita Hardtop na ambayo imekuwa ikitengenezwa tangu 1984, haina difu ya katikati. Ukiiweka H4, shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kuzunguka sawa. Kwenye tope au mchanga hilo ni jambo jema, kwa sababu matairi yanateleza kidogo na kuimeza ile tofauti ya kona. Kwenye lami kavu hakuna pa kutelezea. Shafti zinajikaza, usukani unakuwa mzito, gari linaruka ruka kwenye kona ya kuegesha, na ukitaka kurudi H2 gia inagoma kutoka. Ikishafika hapo, rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha usukani, mkazo utaachia. Kwa Hardtop, basi, four huwekwa pale lami inapoisha na utelezi unapoanza, na hutolewa kabla ya kurudi kwenye lami.

Prado 120 na 150 ni habari nyingine. Hizo ziko kwenye four muda wote. Zina difu ya katikati aina ya Torsen ambayo kwa kawaida hupeleka asilimia 40 ya nguvu mbele na 60 nyuma, na ndiyo maana kwenye swichi yake hutaikuta H2. Mwenye Prado hana haja ya kuuliza aweke four lini. Swali lake ni lini aifunge difu ya katikati, kile kitufe chenye mchoro wa shafti mbili na alama ya X katikati. Jibu: kabla ya kuingia kwenye udongo uliolowa, mchanga, au kilima cha kokoto zinazobingirika, usukani ukiwa umenyooka na hakuna tairi linaloteleza. Ukishaifunga, Prado inakuwa kama Hardtop iliyo H4, pamoja na masharti yake yote ya lami. Taa ya VSC OFF pia itawaka, kwa sababu ule mfumo unaolizuia gari lisipige mzinga umejitoa. Watu huiona taa hiyo wakadhani kuna ubovu. Hakuna ubovu, ila kuanzia hapo mlinzi wako ni mwendo wako mwenyewe.

Ukitaka kuuhisi utofauti huu kwa mikono yako, tafuta kiwanja cha udongo mkavu, kipana. Zungusha usukani karibu hadi mwisho, tembea kwa mwendo wa mtu anayetembea, difu ikiwa wazi. Gari litazunguka kwa ulaini. Simama, nyoosha, funga difu ya katikati, rudia. Utausikia usukani ukitaka kujinyoosha wenyewe, na nyuma yako utaona alama za matairi zimekwangua udongo badala ya kuuchapa. Mkwanguo huo, kwenye lami, ungeishia kwenye matairi na kwenye transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma.

Vanguard, RAV4, X-Trail na nyingi za aina hiyo ni kundi la tatu, na ndilo kubwa kuliko yote katika maegesho ya shule na makanisa. Hizi kwa kawaida husukumwa na matairi ya mbele. Kompyuta ikigundua utelezi inaubana mfumo wa klachi ulio karibu na difu ya nyuma, na nguvu kidogo inahamia huko. Kitufe cha LOCK huibana klachi hiyo mapema. Kwenye Vanguard kinajiachia chenyewe ukipita kilomita 40 kwa saa, jambo linalokuonyesha wazi kwamba kimewekwa kwa ajili ya kuondoka pabaya, hakikuwekwa kwa safari. Na klachi hiyo hupata joto. Kwenye mchanga mzito, baada ya dakika kadhaa za kuhangaika, kompyuta huiachia ili isiungue, na gari linabaki la matairi ya mbele pekee. Magari haya hayana L4. Nayasema haya kwa kuyaheshimu; kwa familia inayokaa mjini na kwenda kijijini mara mbili kwa mwaka, Vanguard yenye matairi mazuri inatosha kabisa. Kinachoniumiza ni kumwona mwenye nayo akifuata alama za Prado kwenye njia ya mchanga kwa sababu tu nyuma ya gari lake pameandikwa 4WD.

L4 inafaa ielezwe kwa utulivu, maana ndiyo modi inayookoa watu wengi na ndiyo inayoogopwa zaidi. Kwenye L4, transfa inaishusha mizunguko kwa takriban mara mbili na nusu kabla haijafika kwenye matairi. Gari linakuwa na msukumo mkubwa na mwendo mdogo. Kwenye Prado ya otomatiki utaratibu wake ni huu: simama kabisa, mguu kwenye breki, weka gia N, zungusha swichi hadi L4, kisha subiri. Taa yake itapepesa. Isipoacha kupepesa, usiweke D. Ukiwa bado kwenye N, acha gari lisogee kidogo mbele au nyuma, meno ya gia yaingiliane. Ikitulia, endelea. Watu wengi huharibu hapa kwa haraka: swichi imezungushwa gari likiwa bado linaserereka, gia haijaingia, dereva anakanyaga mafuta na chuma kinalia.

Wengi hudhani L4 ni ya kupandia. Mimi nasema thamani yake kubwa kwa gari la familia ni kushukia. Prado tupu ina zaidi ya tani 2. Ikibeba watu saba na mizigo inakaribia tani 3. Kushusha uzito huo kwa breki peke yake kunazalisha joto ambalo halina pa kwenda. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi joto 205, lakini yakishanywa unyevu kwa muda mrefu kiwango hicho hushuka hadi karibu 140, na yakichemka pedeli inazama hadi chini bila kitu. Tazama barabara ya Seneto inayoshuka kwenye kreta ya Ngorongoro, kutoka ukingoni hadi chini kiasi cha meta 600. Hapo L4, gia nzito, mguu mbali na mafuta, na injini yenyewe inalishika gari. Breki inaguswa kwa kurekebisha tu. Difu ya katikati ikiwa imefungwa, uzuiaji huo wa injini unagawanywa mbele na nyuma, na tairi moja likipoteza mshiko halipotezi kila kitu. Land Rover waliuleta mfumo wa kushuka kwa kompyuta kwenye Freelander ya 1997, na leo karibu kila gari kubwa lina kitufe cha aina hiyo. Ni kitufe kizuri. Lakini kumbuka kwamba kinafanya kazi kwa kukamata breki, breki zile zile zinazopata joto, kwa hiyo kwenye mteremko mrefu gia ndiyo iwe ya kwanza.

Mlima Kitonga, kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa, ni mteremko wa lami, na hapo L4 si mahali pake. Ni polepole mno na malori yako nyuma yako. Hapo shughuli ni ya giaboksi: isukume gia kwenye S au M, shuka hadi 3 au 2 kabla ya kona za kwanza, usisubiri gari lishike kasi. Wale wanaoshuka Kitonga kwenye D, wakinyunyiza breki kona baada ya kona, utaijua harufu yao ukifika chini.

Modi za picha zilianza kujulikana mwaka 2004, Land Rover walipoiuza Discovery 3 ikiwa na kirungu cha Terrain Response. Kilikuwa na nafasi tano: barabara ya kawaida, nyasi na kokoto na theluji, tope na makorongo, mchanga, na mawe. Wazo lilikuwa la maana. Gari tayari lilikuwa na difu za kufungwa, springi za upepo, giaboksi ya kompyuta na breki za kompyuta. Badala ya dereva kuvipanga kimoja kimoja, anataja ardhi anayoiona na gari linavipanga. Toyota walifuata njia yao, Crawl Control kwenye Land Cruiser 200 mwaka 2007, kisha Multi-Terrain Select kwenye Prado 150.

Hapa kuna jambo linalowapata wengi. Prado za nje zinafanana, ndani hazifanani. TZ-G kwa kawaida ina vitufe vingi kuliko TX, na mwenye TX akisoma maelekezo ya mwenye TZ-G atavitafuta asivione. Na kwenye 150 Multi-Terrain Select hukubali ukiwa L4 tu. Mtu anaizungusha akiwa H4, skrini haibadiliki, anaamua kwamba gari limekufa. Kwenye Land Cruiser 300, iliyotoka 2021, mfumo huo unakubali H4 na L4, na una AUTO inayojichagulia yenyewe. Kabla ya yote, basi, mwenye gari ajue gari lake lina nini.

Picha hizo zinatofautiana kwa jambo moja kubwa: tairi liruhusiwe kuteleza kiasi gani kabla kompyuta haijalikamata. Kwenye mawe jibu ni karibu na sifuri. Tairi likizunguka juu ya jiwe linapasuka au linalisukuma gari pembeni, kwa hiyo breki hulikamata linalozunguka mara moja na mguu unalainishwa. Kwenye tope zito tairi linaruhusiwa kuzunguka zaidi, maana mzunguko ndio unaotupa tope lililojaa kwenye meno yake. Na kwenye mchanga uhuru ni mkubwa zaidi, kwa sababu mchanga unataka gari lisipoteze mwendo. Kompyuta ya kawaida ya barabarani, ikiona matairi yanateleza kwenye mchanga, huipunguzia injini nguvu. Dereva anakanyaga, gari linazimika mguuni, linatitia. Ndiyo maana mwenye gari lisilo na modi ya mchanga anapaswa walau kuzima VSC na TRC, ule mfumo unaozuia matairi yasizunguke bure, kabla ya kuingia.

Mchanga unastahili maneno zaidi, maana familia za pwani hukutana nao kila wikiendi. Fukwe za Kigamboni, njia ya Kibiti kwenda Mloka kuelekea Hifadhi ya Nyerere, njia za Saadani. Funga difu ya katikati, zima VSC, anza kwa gia inayotosha kufika ng'ambo bila kubadilisha, kata kona kwa upana. Ukitaka kusimama usifunge breki, acha gari lisimame lenyewe, kwa sababu breki inarundika kilima kidogo cha mchanga mbele ya kila tairi na utakikuta ukitaka kuondoka. Ukisikia linazama, acha mafuta mara moja. Mzunguko mmoja zaidi unakupeleka chini hadi kwenye ekseli.

Lakini modi zote hizo hazifikii kitu kimoja kisicho na kitufe. Waswahili walioko Oman wanalijua hili vizuri, kwa sababu hakuna anayeingia jangwa la Wahiba na Patrol au Land Cruiser bila kwanza kusimama mwisho wa lami na kupunguza upepo wa matairi. Tairi lililojazwa kwa psi 35 likishushwa hadi 18 hivi linakuwa refu chini, eneo linaloshika mchanga linaongezeka, na gari lililokuwa linachimba linaanza kuelea. Ukiniambia nichague kati ya kirungu cha modi sita na kipimo cha upepo pamoja na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye gari, kwa safari ya Mloka nitachukua kipimo na kompresa. Kurudi kwenye lami, upepo urudishwe kabla ya spidi. Tairi laini kwa spidi 100 linachemka na kupasuka. Vivyo hivyo kwenye tope: modi haizalishi mshiko, inaugawanya ule ambao matairi yanao. Kipara ni kipara, hata kwenye Land Cruiser 300.

Kuna udongo ambao nautaja peke yake, ule mweusi wa mbuga, unaowasumbua watu Serengeti, Katavi na Maasai Mara. Ukiwa mkavu una nyufa na ni mgumu kama sakafu. Ukinywa maji unanata, unajaza meno ya tairi hadi linakuwa duara laini, na unajikusanya kwenye matao ya magurudumu. Modi ya tope na L4 zitakusogeza, ila kwa masafa marefu hakuna kitufe kinachoushinda baada ya mvua kubwa. Madereva wa watalii wanaojua kazi husubiri. Saa tatu au nne za jua kali hubadilisha njia nzima. Kwenye mfinyanzi mwekundu wa milimani tatizo ni mwinamo. Barabara imelalia upande, nyuma ya gari inateremkia mtaroni taratibu, na kufungwa kwa difu hakuzuii gari lote kuteleza kwa ubavu. Magari ya mashamba hufunga minyororo kwenye matairi. Mwenye gari la familia asiye na minyororo afanye jambo la busara: aegeshe chini, watu wapande kwa miguu, gari lifuate kesho udongo ukikauka.

Na maji. Prado 150 imepewa kina cha sentimita 70 cha kuvuka, na tarakimu hiyo imewapa watu ujasiri mahali usipostahili. Kipimo hicho ni cha maji yaliyotulia, yenye sakafu unayoijua. Masika ya 2024, baada ya El Niño, yalikata barabara nyingi Kenya na Tanzania, na kwenye korongo linalotiririka kwa kasi hata maji ya chini ya kina hicho yanaweza kuliinua gari na kulisukuma. Kwa maji yanayokimbia, chagua P, na washushe watoto wakae mbali na ukingo hadi yapungue.

Limebaki suala la vifaa vyenyewe kukataa siku vinapohitajika. Kwenye gari lililotumika Japani kwa miaka kumi bila L4 kuguswa hata mara moja, mota ndogo inayosukuma gia ya transfa na ile inayofunga difu ya katikati huganda kwa kutu na grisi iliyokauka. Swichi unaizungusha, taa inapepesa, hakuna kinachoingia. Gereji, kazi hiyo si rahisi wala bei yake si ndogo. Dawa yake ni kuvitumia. Mara moja kwa mwezi, kwenye njia ya udongo iliyonyooka, ingiza L4 kwa utaratibu niliousema, tembea meta 100, rudi H4. Funga difu ya katikati, tembea kidogo, ifungue uone taa imezima kweli. Anayenunua gari afanye jaribio hilo hilo kabla ya kulipa, fundi akiwa pembeni, na asikubali kuambiwa kwamba "hiyo taa huwa inachelewa". Ikipepesa zaidi ya nusu dakika baada ya gari kusogezwa mbele na nyuma, bei ijadiliwe upya, au gari libaki kwa mwenyewe.